Maswali ya Wasomaji: Kitako cha Shotigani na Mwili wa Mlengaji

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja: bunduki inayopiga vizuri mikononi mwa mwingine na vibaya mikononi mwa mwenyewe. Tumeanza na swali linalofungua njia kwa mengine, kwa hiyo hata kama tatizo lako liko chini, soma jibu la kwanza. Vipimo vyote ni vya milimita pasipotajwa vingine, na tukisema kulia au kushoto tunamsemea anayeweka bunduki bega la kulia. Wa kushoto ageuze. Kabla ya kupima chochote fungua bunduki, angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole, na risasi zibaki chumba kingine.

SWALI: Nalenga visahani vya udongo kwa shotigani ya mitutu miwili ya juu na chini, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Vinavyokwenda kushoto navivunja, vinavyokwenda kulia navikosa, na jioni shavu linauma. Mwenzangu akiishika anavunja karibu vyote. Kasoro iko kwangu au kwenye bunduki?
*Shavu Bovu*

JIBU: Iko katikati yenu. Bunduki inayotoa risasi moja tu kwa kila pigo (raifo) ina alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma. Shotigani ina ushanga wa mbele tu. Alama ya nyuma ni jicho lako. Jicho hukaa pale shavu linapokaa, na shavu hukaa pale kitako kinapoliruhusu. Jicho likiwa kushoto ya mstari wa mtutu, marisau (vile vidonge vidogo vinavyotoka kwa pamoja) yanakwenda kushoto. Likiwa juu mno, yanakwenda juu. Mwenzako pengine ana uso mwembamba kuliko wako, basi jicho lake linafika juu ya mtutu bila kusukumwa, na lako linabaki pembeni.

Tuweke kiasi chake wazi. Kutoka jicho hadi mdomo wa mtutu ni karibu mita 1. Kwa hiyo jicho likikosea milimita 1, marisau yanakosea milimita 16 kwa umbali wa mita 16, na milimita 35 kwa mita 35. Milimita mbili hazikuangushi, maana mtawanyiko wa marisau umbali huo una upana wa karibu sentimita 75. Zikifika sita umepotoka sentimita 21, na kisahani kinapita pembezoni, mahali marisau yalipo machache. Ndiyo maana vingine unavivunja na vingine vinapita mzima, nawe hujui kwa nini.

Jipime mbele ya kioo kikubwa, bunduki ikiwa tupu. Simama hatua mbili kutoka kioo, tazama jicho lako la kulia, fumba macho, inua bunduki hadi shavuni kama ulivyozoea, kisha fumbua. Rudia mara kumi. Mboni inatakiwa ionekane katikati ya ukanda wa juu wa mtutu, sehemu yake ya chini ikigusa tu ule ukanda. Ukiona mboni imekatwa nusu na chuma, mgongo wa kitako uko chini mno kwako. Ukiona weupe wa jicho kati ya mboni na ukanda, uko juu mno. Mboni ikielea upande wa kushoto, kitako hakijapinda vya kutosha kuelekea nje.

Lakini sharti la hayo yote ni kuinua bunduki vizuri. Kitako huanza shavuni, kisha ndipo bega linakifuata mbele. Walengaji wengi hufanya kinyume: wanakichomeka begani halafu wanainamisha kichwa kukitafuta. Kichwa kinachoinama hakishuki mahali palepale mara mbili, na kipimo utakachokipata hapo ni cha uongo. Zoea kwanza kwa siku kadhaa, mara ishirini au thelathini kila jioni, polepole. Kuna watu ambao tatizo lao huishia hapo na fundi hapati hata senti yao.

SWALI: Nimepata alama za bluu mwilini baada ya kulenga. Kila mtu klabuni ana tafsiri yake. Alama ipi inasema nini?
*Bega Bluu*

JIBU: Alama kwenye mfupa wa shavu mara nyingi inatoka kwenye mgongo wa kitako unaoteremka kwa kasi kuelekea nyuma. Bunduki inaporudi, sehemu nene ya mbele inasogea chini ya uso na kuupiga. Sababu nyingine ni kitako kisichopinda nje, au ncha ya chini iliyokatwa mno hadi kitako kizima kinapanda begani kila risasi inapotoka.

Alama kwenye msuli wa mkono, nje ya bega, ni ya kitako kirefu au ya mlengaji anayesimama kiubavu mno. Alama chini ya mtulinga, karibu na kifua, ni ya ncha ya chini inayochimba. Kidole cha kati kikiumia nyuma ya kilinzi cha kifyatuo, angalia shingo ya kitako: ama ni nyembamba na mkono unateleza mbele, ama kitako ni kifupi na mkono umebanwa hapo. Pua ikigongwa na kidole gumba hakuna fumbo. Kitako ni kifupi.

Na kama alama iko katikati ya kibonde cha bega, ni hafifu, na umepiga risasi mia moja, hiyo si kasoro ya kipimo. Punguza uzito wa risasi.

SWALI: Muuzaji aliniambia nikunje mkono, niweke kitako kwenye kiwiko, na kidole kikifika kwenye kifyatuo basi bunduki ni saizi yangu. Ni kweli?
*Mnunuzi Mpya*

JIBU: Si kweli. Kipimo hicho kinakuambia urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi kidole, basi. Hakijui urefu wa shingo, upana wa mabega, unene wa kifua wala namna unavyosimama, na hayo ndiyo yanayoamua.

Tumia pua. Inua bunduki tupu hadi shavuni, shika shingo ya kitako kama kawaida, na mtu mwingine atazame nafasi iliyopo kati ya ncha ya pua na kifundo cha kidole gumba. Vidole viwili hadi vitatu vya mkono, yaani milimita 40 hadi 50 hivi, ni sawa kwa walengaji wengi. Chini ya hapo utagongwa. Zaidi ya hapo kitako kitaanza kunasa kwapani unapokiinua kwa haraka, na hilo ndilo jaribio la pili: inua mara kumi kwa kasi ukiwa umevaa nguo zile utakazovaa siku ya kulenga. Koti zito huongeza urefu kana kwamba kitako kimerefushwa milimita 6 hadi 12. Anayepima akiwa na shati jepesi kisha akaenda kuwinda na koti la baridi amejipimia bunduki ya mtu mwingine.

SWALI: Ningependa kupima kitako changu nyumbani kabla ya kwenda kwa fundi, ili nisiambiwe lolote. Nianze wapi?
*Mpenda Rula*

JIBU: Unahitaji meza iliyonyooka, rula ya chuma, uzi na ukuta. Vipimo ni vitano.

Urefu: pima kutoka katikati ya uso wa mbele wa kifyatuo hadi katikati ya uso wa nyuma wa kitako, mpira unaofungwa hapo ukiwemo. Kama vifyatuo ni viwili, tumia cha mbele. Kisha pima tena hadi kisigino (kona ya juu) na hadi ncha (kona ya chini), maana tarakimu hizo mbili ndizo zinazomwonyesha fundi uso wa kitako umekatwaje. Bunduki nyingi za kiwandani zina urefu wa kati wa 365 hadi 375.

Mteremko: ilaze bunduki kichwa chini, ukanda wa mtutu ukiwa bapa juu ya meza na ushanga umetokeza nje ya ukingo ili usiinyanyue. Pima kutoka mezani hadi mwanzo wa mgongo wa kitako, halafu hadi kisigino. Vya kiwandani huwa karibu 35 hadi 38 mbele na 55 hadi 62 kwenye kisigino. Ongeza kipimo cha tatu katikati, pale shavu lako linapokaa hasa. Weka alama kwa kipande cha tepu ya karatasi. Hicho cha tatu ndicho jicho linachokijua. Vile viwili vingine ni vya kuzungumza na fundi.

Mpindo wa pembeni: vuta uzi kutoka ushanga, upite katikati ya ukanda, hadi nyuma ya kisigino. Kitako cha mtu wa kulia hupinda kuelekea kulia ya uzi. Milimita 3 hadi 6 kwenye kisigino ni kawaida, na ncha ya chini huongezewa kama 3 nyingine kwa sababu kifua kinateremka kwenda nje.

Pembe ya uso wa kitako: simamisha bunduki sakafuni, uso wote wa kitako ukigusa chini, kisha isogeze hadi mwili wa chuma uguse ukuta. Mdomo wa mtutu utakuwa umeachana na ukuta. Kwa mtutu wa sentimita 71, nafasi ya 50 hivi ni sawa na digrii 4, kiasi kinachowafaa wengi.

Cha tano ni shingo ya kitako, yaani unene wake na umbali wake kutoka kwenye kifyatuo. Hiki tunakipita haraka kwa kuwa mkono wenyewe hukihukumu: kidole kifike kwenye kifyatuo kwa nyama ya kwanza bila kujinyoosha, na kifundo cha mkono kisikunjwe kwa nguvu.

Usikimbilie kulinganisha tarakimu zako na za bingwa fulani. Hazina maana nje ya mwili wake.

SWALI: Nasikia kuna kupiga karatasi kwa mita 16. Kwa nini 16, na nafanyaje hatua kwa hatua?
*Mtafuta Katikati*

JIBU: Kwa sababu hesabu inakuwa nyepesi. Jicho liko karibu mita 1 nyuma ya mdomo wa mtutu, basi kwa mita 16 kila milimita 16 za kosa kwenye karatasi ni milimita 1 usoni. Waingereza walioeneza jaribio hili husema yadi 16: inchi moja kwenye bamba ni sehemu moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kitako. Uwiano ni uleule.

Andaa karatasi nyeupe ya mita 1 kwa mita 1, au kadhaa zilizounganishwa, nyuma yake pawe na tuta la udongo. Ukitumia bamba la chuma lililopakwa rangi, piga marisau ya madini laini ya risasi peke yake. Marisau ya chuma hurudi, na miwani ya kulengea haizuii kila kitu. Katikati chora doa jeusi la 50.

Kwanza ijaribu bunduki yenyewe. Egemeza mikono kwenye kitu imara, lenga doa kwa utulivu, piga tatu kwa kila mtutu. Mitutu miwili isiyopiga mahali pamoja ipo, na hakuna kitako kitakachoirekebisha. Ukishajua bunduki inapiga inakotazama, bandika karatasi mpya.

Sasa funga choki (kipande kinachobana mdomo wa mtutu) ya kubana kuliko zote ulizonazo ili mtawanyiko uwe mdogo, tumia mtutu uleule na risasi nyepesi za aina moja. Simama mita 16, kitako kikiwa chini ya kwapa, macho yote mawili kwenye doa. Inua, na kitako kinapofika shavuni piga papo hapo. Usitafute ushanga. Usirekebishe. Hapa ndipo jaribio linapoharibiwa na watu makini: wanaona wamekwenda kushoto, risasi ya pili wanajirudisha kulia kwa macho, ya tatu inaingia katikati, wanafurahi. Wamepima uwezo wao wa kujirekebisha. Kitako bado hakijapimwa.

Piga sita hadi nane kwenye karatasi moja bila kusogea kuitazama. Kisha tafuta kiini cha mtawanyiko, pale karatasi ilipochanika zaidi, na upime kilivyo mbali na doa.

Mfano: kiini kiko 32 kushoto na 48 chini. Gawa kwa 16. Jicho linatakiwa lisogee 2 kwenda kulia na 3 kwenda juu. Hapo kuna mtego. Fundi akikipinda kitako, kinageukia shingoni, na shavu liko karibu nusu ya njia kati ya shingo na kisigino. Ili uso usogee 2, kisigino kinatakiwa kisogee karibu 4. Ukimwambia fundi "nisogezee milimita mbili" bila kusema ni wapi, utapata nusu ya ulichotaka. Sema: milimita mbili usoni.

Kwenda juu unaweza kujaribu mwenyewe leo. Bandika tabaka za ngozi laini au sponji ngumu juu ya mgongo wa kitako, urefu wa sentimita 12 hivi, kila tabaka isizidi 1, ukizibana kwa tepu ya umeme. Ongeza moja, piga tena karatasi, ongeza nyingine. Tabaka zikikufikisha mahali, pima unene wake wote na umpe fundi. Ukiwa unapiga kulia, tabaka za ubavuni upande wa shavu zitausukuma uso kushoto. Ukiwa unapiga kushoto, tepu haikusaidii. Mbao inatakiwa ipungue au ipinde.

Je, kiini kikae juu ya doa kabisa? Inategemea unachopiga. Kwa ndege na visahani vya pande zote, wengi hupenda 30 hadi 35 juu ya doa kwa mita 16, ili shabaha ibaki ikionekana juu ya mtutu. Kwa mchezo wa trapu, ambako kisahani daima kinapanda, 65 hivi si nyingi.

Na kanuni moja ya utaratibu: maliza urefu kwanza. Mgongo wa kitako wa kawaida huteremka karibu 1 kwa kila 10 kwenda nyuma. Ukirefusha kitako kwa 20, kichwa kinarudi nyuma na jicho linashuka kama 2, nawe unaanza kupiga 32 chini kwenye karatasi ambayo jana ilikuwa sawa. Vitako vyenye mgongo ulionyooka sambamba na mtutu havina shida hiyo, na ni sababu nzuri ya kuvipenda.

SWALI: Nalenga kwa bega la kulia lakini karatasi inaonyesha nusu ya risasi ziko katikati na nusu ziko mbali sana kushoto. Fundi amepinda kitako mara mbili, bado.
*Nusu kwa Nusu*

JIBU: Acha kupinda. Kitako kibaya hukosea mahali pamoja kila mara. Makundi mawili yaliyoachana ni ishara ya macho mawili yanayopokezana. Nyoosha mikono mbele, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo ukiwa umefumbua macho yote, kisha rudisha viganja usoni taratibu. Vitakwenda kwenye jicho linalotawala. Likiwa la kushoto, umepata jibu.

Kama ndiyo kwanza unaanza, hamia bega la kushoto. Utapata taabu kwa muda, kisha utasahau. Kama umelenga miaka mingi, weka kipande cha tepu yenye ukungu, upana wa 15 hadi 20, kwenye lenzi ya kushoto ya miwani, mahali kinapoficha ushanga tu bunduki ikiwa shavuni. Mtu mwingine akuelekeze pa kuibandika.

Lakini angalia pia mgongo wa kitako. Ukiwa chini mno, chuma kinalifunika jicho la kulia kila unapobana shavu kwa nguvu, na jicho la kushoto linashika usukani hata kama halitawali. Ongeza tabaka mbili za sponji kabla ya kulilaumu jicho.

SWALI: Mimi ni mwanamke, nina shotigani ya nusu-otomatiki. Mume wangu amekata kitako kikawa kifupi, lakini ncha ya chini bado inanichoma kifuani na napiga chini.
*Mama Visahani*

JIBU: Dada, ufupi haukuwa dawa pekee, na huenda haukuwa dawa kabisa. Wanawake wengi wana shingo ndefu kwa kulinganisha na mabega, hivyo jicho linakaa juu zaidi ya bega na mgongo wa kitako unakuwa chini kwao. Hapo ndipo kupiga chini kunapotoka: unakandamiza shavu kuutafuta. Unahitaji mgongo uliopanda, mara nyingi 3 hadi 6 zaidi ya ule wa kiwandani. Pandisha kwa tabaka kwanza kama tulivyoeleza juu, na ikikupendeza wekewa mgongo wa kupandisha na kushusha kwa skrubu.

Ncha inayochoma ina marekebisho mawili. Ipinde nje zaidi ya kisigino, hata 6 zaidi, iende upande wa kwapa. Na ongeza pembe ya uso wa kitako ili ncha irudi ndani. Ya pili unaweza kuijaribu bure: legeza mpira, weka washa (kiduara chembamba chenye tundu) chini yake kwenye skrubu ya juu, kaza. Kama skrubu zimeachana 80, washa ya 1.5 inabadilisha digrii 1 hivi. Jaribu moja, kisha mbili. Usizidishe, maana pembe ikizidi, kitako kinapanda begani na shavu ndilo litakalolipa.

Bunduki nyingi za nusu-otomatiki, zikiwemo za Beretta na Benelli, huuzwa na shimu ndani ya boksi. Ni vibati vyembamba vinavyokaa kati ya kitako na mwili wa chuma, vikiwa na alama za mteremko na mpindo. Watu huvitupa pamoja na karatasi za maelezo. Kabla ya kumlipa mtu, tafuta vyako. Vinapandisha kitako au kukigeuza kulia na kushoto kwa dakika kumi na bisibisi moja.

SWALI: Nataka kukata kitako mwenyewe na kuweka mpira wa 25. Nipeni utaratibu.
*Fundi wa Nyumbani*

JIBU: Tutakupa, ila jibu maswali mawili kwanza. Je, ndani ya kitako kuna bomba la springi? Nusu-otomatiki nyingi zina bomba hilo, na msumeno haulijui. Na je, sheria ya kwenu inaweka urefu wa chini wa bunduki nzima? Nchi nyingi zinaweka. Soma kabla, mbao hairudishwi.

Hesabu: tuseme mbao peke yake ina urefu wa 380, unataka 372, mpira ni 25. Mbao ibaki 372 kutoa 25, yaani 347, basi unaondoa 33. Anza kwa kukata 30 tu. Jaribu na mpira ukiwa umefungwa, upige karatasi, ndipo umalizie.

Zungushia mbao tepu ya karatasi mahali pa kukata na uchore mstari juu yake. Mstari ufuate pembe ya uso wa zamani kama pembe hiyo ilikuwa sawa kwako. Wengi hukata mraba na mtutu, na kesho yake ncha inachimba kifua. Tumia msumeno wa meno madogo, upite upande wa kipande kinachoondolewa ili unene wa msumeno usile kipimo chako. Mbao hupasuka pale meno yanapotokea, kwa hiyo kaza tepu upande huo na upunguze nguvu ukikaribia mwisho.

Sawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao bapa. Weka mpira, tia alama za skrubu, toboa matundu membamba kuliko skrubu, paka sabuni kwenye nyuzi, kaza. Mpira utazidi mbao pembeni. Unyoe kwa msasa ukiwa umeilinda mbao kwa tabaka mbili za tepu, ukifuata mteremko wa mstari wa chini wa kitako. Hapo ndipo kazi ya haraka inapoonekana kwa mbali. Kabla ya kufunga moja kwa moja, paka mafuta au vanishi kwenye uso uliokatwa. Mbao iliyo wazi hapo inakunywa unyevu na kupasuka.

Kipande ulichokata kihifadhi. Siku mtu atakapotaka kurefusha, mbao ya rangi ileile haipatikani dukani.

SWALI: Kitako kikipindwa kwa joto hakirudi? Na bunduki zote zinapindika?
*Mwenye Shaka*

JIBU: Hurudi kidogo. Fundi hupasha moto shingo ya kitako kwa mafuta ya kitani ya moto yanayomwagwa juu ya kitambaa, au kwa taa za joto, mbao inalegea, inabanwa kwenye fremu ikiwa imepita kidogo kipimo kinachotakiwa, na inaachwa hadi ipoe kabisa. Ipime siku hiyo, kisha uipime tena baada ya wiki chache. Milimita 3 ni kazi nyepesi, 6 ni ya kawaida, na ukivuka 10 unaomba bahati.

Mbao ya mjozi yenye nyuzi zinazonyooka kupitia shingoni hupindika vizuri. Ile yenye mawimbi mazuri mahali hapohapo hupasuka, na ndiyo watu waliyolipia ghali. Kitako cha zamani kilichonyonya mafuta ya bunduki kwa miaka shingoni ni dhaifu pia. Vitako vya plastiki havipindwi hivyo, wala vile vya mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Bunduki ambazo kitako kimefungwa kwa bolti ndefu ya kupita ndani, kama nyingi za juu na chini, hupindika kidogo tu, kwa kuwa bolti inabana na tundu lake linatakiwa lipanuliwe. Muulize fundi kuhusu bolti kabla hajawasha taa. Akishangaa swali, tafuta mwingine.

Kama bajeti inaruhusu kipimo kimoja tu cha kitaalamu, lipia saa moja na bunduki ya kupimia, ile yenye kitako cha bawaba na skrubu kinachorefushwa, kupandishwa na kupindwa ukiwa unapiga karatasi. Unatoka na tarakimu tano kwenye kipande cha karatasi. Zitumie kwa kila bunduki yenye umbo kama hilo. Ukihamia yenye shingo ya namna nyingine au ukanda wa juu zaidi, piga karatasi upya.

SWALI: Kijana wangu anaanza kulenga na anakua kwa kasi. Nikate kitako?
*Baba Mlezi*

JIBU: Nunua kitako cha pili, cha vijana, chenye urefu wa 305 hadi 330, na vipande vya kuongezea vya 6 hadi 12. Bunduki za pampu nyingi zina vitako vya namna hiyo. Anapokua unaongeza kipande, na skrubu ndefu zaidi kila mara, kwa sababu skrubu fupi inayoshika mbao kwa nyuzi mbili itang'oka kwa teke la tatu. Mpe risasi nyepesi kabisa, na bunduki isiwe nyepesi mno kwa kumhurumia: bunduki nyepesi hupiga teke zaidi.

Na mpira ukinasa kwenye shati lake anapoinua, viringisha kona ya juu kwa msasa kisha uifunike kwa kipande cha tepu laini ya umeme.